Nani Ampime Mtoto? Funzo la Miaka Mia Mbili



Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na ya bure. Tamko hilo lilingoja miaka 13, hata mwaka wa masomo uliofunguliwa Septemba 2019, ndipo likaanza kutekelezwa kwa upana. Sote tuliona yaliyofuata: madarasa yalifurika, madawati hayakutosha, na mwalimu akajikuta peke yake mbele ya umati. Mlango ukifunguliwa kwa wote, huingia na wale ambao zamani walibaki nyumbani: mtoto asiyesikia vizuri, mtoto anayeona maandishi ya ubaoni kama ukungu, mtoto mwenye kifafa, mtoto ambaye akili yake hukomaa polepole, na mtoto mwerevu anayenyamaza kwa sababu masomo yamegeukia Kifaransa, nacho si lugha ya nyumbani kwao. Kwa mwalimu aliyesimama mbele ya darasa lililojaa hadi mlangoni, watoto hao watano wanafanana. Wote hawafuati.

Basi ni nani mwenye haki ya kusema kwamba mtoto fulani anahitaji mafundisho ya namna yake? Je, ni daktari, mwalimu, mtaalamu wa saikolojia, au mzazi? Swali hili laonekana kuwa jambo la ofisini, lakini jibu lake humfuata mtoto siku zote za maisha yake. Wengine waliliuliza kabla yetu, wakakosea mengi na kupata machache yenye thamani. Tuyapitie hayo kwa utulivu, ili tusirudie kwa watoto wetu majaribio ambayo watoto wa watu wengine wamekwisha kuyalipia.

Madaktari wawili, mtoto mmoja

Mnamo Januari 1800, karibu na Saint-Sernin, katika jimbo la Aveyron, kusini mwa Ufaransa, alipatikana kijana wa miaka kama 11 au 12 aliyekuwa akiishi peke yake msituni. Hakusema neno lolote. Alipelekwa Paris, na Philippe Pinel, daktari aliyesifika sana kwa kutibu magonjwa ya akili, alitakiwa atoe maoni yake. Pinel alimlinganisha na watoto aliozoea kuwaona hospitalini, akaamua kwamba kijana huyo ni punguani na kwamba hakuna tumaini la kumfundisha. Daktari mwingine, Jean Itard, ambaye bado alikuwa kijana na alifanya kazi katika taasisi ya viziwi, alimtazama mtoto yuleyule akaona jambo jingine: mtu aliyekosa kuishi na watu. Alimpa jina la Victor, akamfundisha kwa miaka kama 5.

Victor hakujifunza kusema. Kwa kipimo hicho, Pinel hakuwa mbali na ukweli. Lakini Itard aliandika pia mambo ambayo hayakuwamo katika kipimo cha Pinel. Victor alilelewa na mwanamke mmoja, Bibi Guérin, na kazi yake nyumbani ilikuwa kuandaa meza. Mume wa bibi huyo alipofariki, Victor aliandaa meza kama kawaida na kuweka sahani ya marehemu mahali pake. Alipoona uchungu uliompata mjane, aliiondoa sahani, wala hakuiweka tena. Je, ni mtihani gani wa hospitalini ungaliweza kuliona jambo hilo? Lilionekana kwa sababu kulikuwa na watu walioishi na mtoto siku baada ya siku. Hilo ni funzo la kwanza: anayempima mtoto kwa saa moja hupata ukweli wa saa moja.

Sheria iliyojaza madarasa

Kwa muda wa miaka 80 swali hili lilibaki hospitalini, kwa kuwa watoto wengi wa maskini hawakuwa shuleni kwa kudumu. Mtoto aliyeshindwa kusoma alichunga mifugo au alifanya kazi kiwandani, na hakuna aliyemhesabu kuwa tatizo. Kisha ikaja sheria ya tarehe 28 Machi 1882, iliyofanya elimu ya msingi kuwa ya lazima Ufaransa kwa watoto wa miaka 6 hadi 13. Yaliyotupata sisi baada ya 2019 ndiyo yaliyowapata wao: shule ilipowapokea wote, iligundua kwamba haikuwa imejiandaa kwa wote.

Daktari Bourneville wa hospitali ya Bicêtre alipigania kwa miaka mingi watoto hao wafunguliwe madarasa yao, na kwa hilo anastahili heshima. Hata hivyo, machoni pa madaktari wengi wa wakati ule, kupima watoto kulikuwa kazi ya hospitali. Mwaka 1904 Waziri wa Elimu aliunda tume chini ya uenyekiti wa Léon Bourgeois ili ichunguze jambo hilo. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa Alfred Binet, mwanasaikolojia. Yeye na mwenzake Théodore Simon, ambaye alikuwa daktari, walilinganisha vyeti vilivyoandikwa na madaktari mbalimbali, wakakuta jambo la kusikitisha: mtoto mmoja, akipelekwa katika taasisi mbili kwa siku chache, aliweza kupewa majina mawili tofauti, huku punguani, kule mwenye udhaifu mdogo tu wa akili. Ugonjwa haukuwa umebadilika. Aliyebadilika ni mtu aliyeshika kalamu.

Binet hakuwaonea madaktari peke yao. Alionya kwamba mwalimu aweza kumsukuma nje mtoto msumbufu ili apate kupumua, na mzazi aweza kuficha udhaifu wa mwanawe kwa aibu, au kuukuza ili ampate wa kumtunza. Kwa hiyo, mwaka 1905, yeye na Simon walitoa kipimo chenye majaribio 30, kuanzia kufuata kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka, kutaja vitu vilivyo katika picha, kurudia tarakimu zilizosomwa, hadi kueleza tofauti ya maneno mawili yanayokaribiana. Lengo lao lilikuwa nyoofu: kumlinda mtoto asihukumiwe kwa hisia za mtu mmoja. Tena Binet alikataa katakata wazo kwamba akili ni kiasi kisichobadilika. Kwake, alama ilieleza hali ya mtoto siku ile, ili mafundisho yaanzie hapo.

Sheria ya tarehe 15 Aprili 1909, iliyoanzisha madarasa maalumu nchini Ufaransa, haikumpa mtu mmoja kazi ya kuamua. Iliweka tume ya watu watatu: mkaguzi wa elimu ya msingi, mkuu au mwalimu wa shule maalumu, na daktari. Ikaongeza kwamba mwakilishi wa familia ataalikwa kila mara kuhudhuria mtoto anapopimwa. Tuangalie neno hilo kwa makini: kuhudhuria. Mzazi alipewa kiti, lakini hakupewa sauti ya kuamua. Hata hivyo, kiti hicho kilikuwa mwanzo.

Chombo kinapoacha mikono ya mwenyewe

Mjini Brussels, daktari na mlezi Ovide Decroly, pamoja na mwenzake Bibi Degand, walikijaribu kipimo cha Binet kwa watoto wa shule ya binafsi, waliotoka katika familia zenye uwezo. Watoto hao waliwatangulia watoto wa Paris wa umri wao kwa zaidi ya mwaka mmoja. Je, watoto wa Brussels walizaliwa na akili kuliko wa Paris? Hapana. Watoto wa Binet walitoka katika mitaa ya watu wa kawaida. Wale wa Decroly walikulia katika nyumba zenye vitabu na mazungumzo mengi. Binet mwenyewe alilikubali jambo hilo mwaka 1911, muda mfupi kabla ya kifo chake: kipimo kilipima pia nyumba ambamo mtoto alikulia.

Onyo hilo halikuvuka bahari. Mmarekani Henry Goddard, aliyefanya kazi katika taasisi ya watoto wenye udhaifu wa akili huko Vineland, New Jersey, alikijua kipimo hicho alipokuwa ziarani Ulaya mwaka 1908, akakipeleka kwao. Kule kikageuka. Alama iliyokuwa ya siku moja ikawa alama ya damu na ukoo, na kilichotengenezwa ili kumsaidia mtoto shuleni kikatumiwa kuamua ni nani anayestahili kuzaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Virginia. Tarehe 2 Mei 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa sauti 8 dhidi ya 1, iliruhusu mwanamke kijana aitwaye Carrie Buck afungwe kizazi kwa nguvu, kwa madai kwamba mama yake, yeye mwenyewe na binti yake mchanga walikuwa wote na akili pungufu. Binti huyo, Vivian, alikuwa na umri wa miezi kama 7 alipopimwa. Aliyempima alimtazama, akasema kwamba haonekani kuwa sawasawa na watoto wengine. Hayo yalitosha kumhesabu katika hoja ya vizazi vitatu. Vivian alikua, akaenda shule, na mwaka 1931 jina lake likawekwa katika orodha ya heshima ya wanafunzi wa darasa lake. Mwaka uliofuata alifariki kwa maradhi, akiwa na miaka 8.

Miezi michache kabla ya orodha ile, tarehe 31 Desemba 1930, Papa Pius XI alikuwa ametoa waraka wake juu ya ndoa, Casti Connubii. Ndani yake alikataa kwamba watawala wana mamlaka juu ya mwili wa mtu asiye na kosa, hata kama lengo ni kuboresha kizazi. Katika miaka ambayo wataalamu wengi walikubaliana na mahakama, sauti hiyo ilikumbusha mpaka ambao kipimo chochote hakina haki ya kuuvuka.

Watoto waliotangazwa kuwa hawafundishiki

Uingereza ilifuata njia nyingine. Chini ya sheria ya elimu ya mwaka 1944, neno la daktari wa serikali za mitaa lilikuwa na uzito mkubwa katika kuamua ni nani ana upungufu unaohitaji shule maalumu. Wale waliohukumiwa kuwa hawawezi kufundishwa shuleni walitolewa katika mamlaka ya elimu na kukabidhiwa mamlaka ya afya. Kwa maneno mengine, mtoto alikoma kuwa mwanafunzi na kuwa mgonjwa. Hali hiyo ilidumu mpaka sheria ya mwaka 1970, ambayo tangu Aprili 1971 ilirudisha kila mtoto, hata mwenye ulemavu mzito, chini ya mwalimu.

Katika mwaka huohuo wa 1971, Bernard Coard, mwalimu aliyetoka Grenada, alichapisha kijitabu kilichotikisa London. Alionyesha kwamba watoto wa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi walikuwa wakipelekwa kwa wingi kupita kiasi katika shule za watoto wenye upungufu wa akili. Sababu alizozitaja zatuhusu sana. Mtoto aliulizwa kwa maneno yasiyo ya nyumbani kwake. Alikuwa ametoka tu kuhama nchi na kukutana na wazazi waliomtangulia kwa miaka. Na aliyempima hakumtarajia afaulu. Wazazi waliokuwa wameambiwa kwamba watoto wao wanapelekwa “shule maalumu” walidhani ni shule bora zaidi. Hakuna aliyewaeleza.

Jambo lilelile lilikuwa limefika mahakamani California mwaka 1970. Watoto 9 wa familia zinazosema Kihispania walikuwa wamewekwa katika madarasa ya wenye upungufu wa akili baada ya kupimwa kwa Kiingereza. Walipopimwa tena na mtu aliyejua lugha yao, wengi wao walionekana hawakustahili kuwa mle. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 ilichukua funzo hilo: mtoto apimwe kwa lugha anayoitumia, kipimo kimoja kisiwe msingi pekee wa uamuzi, wapimaji wawe kundi la watu wa ujuzi mbalimbali, na mzazi akubali kwanza, kisha apewe njia ya kukata rufaa. Tena hali ya mtoto ichunguzwe upya angalau kila baada ya miaka 3.

Nchini Uingereza tume iliyoongozwa na Mary Warnock ilitoa taarifa yake mwaka 1978. Ilisema kwamba mtoto 1 kati ya 5, wakati fulani wa masomo yake, atahitaji msaada wa pekee. Hivyo jambo hili si la kikundi kidogo kilichotengwa. Ilishauri yaachwe majina ya vilema, na badala yake liulizwe swali moja: mtoto huyu anahitaji nini ili ajifunze? Iliwaita wazazi kuwa wenzi wa kazi. Sheria ya mwaka 1981 ilifuata ushauri huo kwa sehemu kubwa. Lakini hata baada ya mageuzi hayo mtego mmoja ulibaki: ofisi iliyopima mahitaji ya mtoto ndiyo ileile iliyotakiwa kuyalipia. Mwaka 2006 kamati ya bunge ya elimu ilisema wazi kwamba mambo hayo mawili yatenganishwe. Mwenye kushika mfuko wa fedha hushawishika kuona mahitaji madogo.

Yanayotuhusu sisi

Tukiyakusanya hayo yote twaona kwamba kila mkono uliopewa kazi hii peke yake ulimwumiza mtoto. Daktari peke yake alimgeuza kuwa mgonjwa. Mtaalamu wa kipimo peke yake alimgeuza kuwa namba. Mwalimu peke yake aweza kumwondoa ili darasa litulie, na mzazi peke yake, kwa mapendo au kwa aibu, aweza kumficha. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mikono hiyo inahitajiana, na kila mmoja una lake. Mzazi anajua historia: lini mtoto alitembea, lini alisema, aliugua nini, nani nyumbani aliyeanza kutomsikia akiitika. Mwalimu anajua namna mtoto anavyojifunza kwa miezi mingi, siyo kwa saa moja. Daktari au muuguzi anajua masikio, macho na dawa ya kifafa. Mtaalamu wa saikolojia, pale anapopatikana, anajua kuweka hayo yote mahali pamoja bila upendeleo.

Tunajua jibu litakalotolewa: wataalamu hao katika mitaa na vijiji vyetu ni wachache mno. Ni kweli. Lakini uchache wao haumkatazi mtu kuanza na yaliyo mkononi, wala haumruhusu mtu mmoja kuchukua nafasi ya wote. Kabla ya kusema lolote juu ya akili ya mtoto, masikio na macho yake yachunguzwe kwenye kituo cha afya. Wengi waliohesabiwa wajinga walikuwa hawasikii tu. Mtoto aulizwe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama yake, kabla ya kuhukumiwa kwa Kifaransa. Mwalimu aandike kwa muda wa miezi michache yale mtoto anayoyaweza, na siyo yanayomshinda peke yake. Mkurugenzi wa shule awaite wazazi mapema, awasikilize, awaeleze kwa maneno wanayoyaelewa. Tena kila uamuzi uwe na tarehe ya kuangaliwa upya, kwa kuwa mtoto hukua na cheti hakikui.

Hatuwezi kunyamaza juu ya mpimaji mwingine, ambaye hakuna sheria iliyomwalika. Katika miji yetu mtoto mwenye kifafa, mtoto asiyesema, mtoto anayekojoa kitandani au mwenye tabia zisizoeleweka huweza kupelekwa kwa mtu anayejiita nabii, naye akatamka kwamba ni mchawi. Pinel alikosa tumaini, na wapimaji wa Virginia walikosa haki, lakini huyu huondoa hata swali lenyewe, maana mchawi haulizwi anahitaji nini ili ajifunze. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kwa kifungo anayemsingizia mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa, na ile ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya watu wenye ulemavu, zinawatambua watoto hawa kuwa wenye haki ya kufundishwa. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni watu wa kuketi pamoja kuzunguka mtoto mmoja mmoja.

Kazi hiyo haingoji fedha nyingi. Katika kila parokia kuna wauguzi, walimu waliostaafu, wazazi waliokwisha kulea mtoto kiziwi au mwenye udhaifu wa akili na kujifunza mengi ambayo hayamo vitabuni. Kuna kamati ya wazazi katika kila shule. Wakikutana mara moja kwa muhula, wakamjadili mtoto kwa jina lake na mzazi wake akiwapo, watakuwa wamefanya jambo ambalo Paris ilichelewa kulijua, na London ililijua baada ya wengi kuumia. Victor aliondoa sahani mezani, na kulikuwako mtu wa kuliona tendo lile. Watoto wetu nao wanatenda mengi ya namna hiyo kila siku.

Maswali ya kutafakari pamoja

1. Katika shule iliyo karibu nasi, ni nani anayeamua kwamba mtoto “hawezi”? Je, mzazi huitwa kabla au baada ya uamuzi?

2. Ni watoto gani wa mtaa wetu wasioonekana shuleni wala mahali pa sala, na ni nani aliyewapima?

3. Sisi wenyewe tuna ujuzi gani, wa uuguzi, wa ualimu au wa ulezi, tunaoweza kuuweka mezani kwa ajili yao?